Gazeti la bure Malindi, nani atamlipa mpiga chapa?

Binti mmoja wa Maweni hapa Malindi kaniletea swali, ni refu kidogo nalifupisha: "Shikamoo mzee. Nilimaliza diploma ya uandishi wa habari Mombasa mwaka jana, kazi bado sijapata. Nimesoma kuhusu yale magazeti ya bure ya kila wiki kule Marekani, kama Chicago Reader na Village Voice, yanawekwa tu madukani na kwenye mikahawa, anaetaka anachukua. Mimi na wenzangu wawili twataka kufanya kama hayo hapa Malindi, la Kiswahili, kila Alhamisi, nakala 3000. Wale waliishi vipi bila kuuza gazeti, na hapa itawezekana?"

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelala nalo siku nne manake ndani yake mna maswali mawili, la Chicago na la Malindi, na la kwanza ni tamu sana laweza kukusahaulisha la pili. Mimi kazi hii nimeifanya miaka 31, nyingi nikipanga kurasa na kuhariri makala za watu, na mwisho nikajitia kuanzisha kagazeti kangu mwenyewe hapa hapa mjini, hio habari nitakupa mbele na haichekeshi.

Tuanze na Chicago. Chicago Reader ilitoka mara ya kwanza 1 Oktoba 1971, kazi ya vijana marafiki waliosoma pamoja chuo cha Carleton kule Minnesota, mtaji wa kuokoteza, na wakaligawa bure tangu siku ya kwanza. Village Voice ya New York ni kubwa lake kwa umri, ilizaliwa 1955, lakini hio ilikuwa ikiuzwa, mwanzo kwa senti tano, ikaja kugawiwa bure Manhattan 1996, zaidi ya miaka 40 baadae. Kwa hivo hao uliowataja hawakupita njia moja, mmoja alijenga jina kwanza ndo akaacha kuuza, mwengine alianza bure hata jina hana. Wewe uko kama huyu wa pili, kwa hivo huyu ndo wa kumtazama.

Sasa walikula nini? Matangazo, hilo wewe walijua, lakini matangazo gani? Hapa ndo wengi wanapotea, wanadhani ni kampuni kubwa za magari na za sigara zilikuwa zinaweka ukurasa mzima. Zilikuwepo, sikatai. Lakini uti wa mgongo ulikuwa vitangazo vya mistari mitatu minne vya watu wa kawaida. Mtu wa Chicago Alhamisi jioni hakuwa anakimbilia gazeti kwa sababu ana hamu ya makala ndefu, alikuwa anatafuta chumba cha kupanga, gitaa la mtumba, kazi ya jikoni, mtu wa kuoana nae, na bendi gani inapiga wapi Ijumaa. Kurasa na kurasa za hayo. Makala zilidandia tu. Mhariri mwenye akili alijua hilo na halikumuudhi, manake yule aliekuja kutafuta chumba akishafika nyumbani na gazeti anaanza kulisoma kutoka mbele, bahati yako.

Halafu kuna jambo hukuliuliza na kwangu mimi ndo lenye thamani kuliko yote. Ukiwa na walipaji elfu kidogo kidogo hakuna mmoja anaeweza kukuziba mdomo. January 1990 Reader ilichapa makala ya mwandishi anaitwa John Conroy kuhusu polisi wa Chicago waliokuwa wakitesa washukiwa, kwa shoti za umeme, kwa kuwafunika kichwa na mfuko wakose pumzi, chini ya kamanda mmoja Jon Burge. Magazeti makubwa ya mji ule yalikuwepo, yana majengo na mawakili, na ni haka kagazeti ka vyumba vya kupanga ndo kakakaa na ile kesi miaka na miaka, makala baada ya makala. Burge alifukuzwa kazi 1993. Alikuja kutiwa hatiani 2010, tena kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki, manake muda wa kumshtaki kwa mateso yenyewe ulikuwa ushapita. Na 2015 mji wa Chicago ukakubali kuwalipa walioteswa dola milioni 5.5. Hesabu mwenyewe, miaka 25 toka makala hadi malipo. Nani angemsubiri mwandishi hivo kama kila wiki lazima auze nakala?

Na Village Voice nayo, mwaka 2000 ilipata Pulitzer, ile tuzo kubwa ya waandishi wa habari Marekani, kwa makala za Mark Schoofs kuhusu ukimwi huku kwetu Afrika. Gazeti la bure la New York. Sisi wakati huo tulikuwa tunazika watu kila wiki na kwenye magazeti yetu ya kununuliwa twaandika "baada ya kuugua kwa muda mrefu".

Haya, sasa mwisho wa hadithi uusikie vile vile, usichukue nusu. Mwaka 1995 jamaa mmoja San Francisco, Craig Newmark, alianza kutumia marafiki zake orodha ya shughuli za mji kwa barua pepe. Ikawa tovuti, Craigslist, na vitangazo vingi mtu anaweka bila kulipa. Ile mistari mitatu minne yote ikahamia kule polepole kisha ghafla. Reader ikauzwa 2007, na Disemba ya mwaka huo huo wakapunguza wafanyakazi, na kati ya walioachishwa ni huyo huyo John Conroy. Yani mtu alieandika ile habari hakuondolewa na polisi wala meya, aliondolewa na kukosekana kwa tangazo la chumba cha kupanga. Mwaka 2018 gazeti zima likauzwa kwa dola moja pamoja na madeni yake, ndio, dola moja, na 2022 likaingia mikononi mwa shirika lisilo la faida baada ya mzozo mkubwa ulioanzia kwenye makala ya mmoja wa wamiliki wenyewe kuhusu chanjo ya korona. Village Voice iliacha kuchapa karatasi Septemba 2017 na mwaka wa pili ikafungwa kabisa, ikaja kufufuliwa 2021 na mwenye mpya. Time Out ya London, jarida la shughuli na starehe za mji, ambayo ilikuwa ikiuzwa tangu 1968 walijaribu kuokoka kwa kuifanya bure 2012, wakaacha karatasi 2022. Unaona mtindo.

Basi nije Malindi.

Ile Craigslist iliyowaua wao, wewe waikuta ishakaa sebuleni kwako. Mtu wa Malindi akiwa na chumba cha kupangisha mtaa wa Barani au pikipiki ya kuuza anaweka kwenye magrupu ya WhatsApp na status yake na saa hio hio anapigiwa. Hatakupa wewe mia mbili asubiri Alhamisi. Kwa hivo ule uti wa mgongo wa Chicago wewe huna na hutaupata, nakwambia mapema usije ukapanga bajeti juu yake. Ulichobakiwa nacho ni wenye biashara zenye mlango, yani kinyozi, fundi cherehani, duka la spea za bodaboda, duka la dawa, mama wa viazi karai mwenye jina, mwalimu wa tuisheni, mpambaji wa maarusi, dereva wa tuktuk anaetaka wateja wa alfajiri, hao.

Na wako wakubwa, mahoteli ya ufuoni. Hapa nikupe yangu. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na karatasi langu la kurasa nane, la bure, kila wiki mbili, na hoteli moja kubwa ya huku, jina tuliache, ilikuwa yanunua ukurasa wa nyuma kila toleo. Pesa nzuri, wallahi, ile peke yake ilikuwa ikilipa zaidi ya nusu ya mpiga chapa, nami nikaacha kutafuta wadogo, nitahangaika na kinyozi wa nini. Toleo la 14 tukaandika kuhusu njia ya wavuvi kwenda baharini iliyozibwa ukuta. Hata si wao waliojenga ule ukuta, ni jirani yao. Meneja akanipigia kwa adabu zote, akaniuliza hali ya nyumbani, watoto, akasema tu ya kwamba mwezi ujao "watapumzika". Toleo la 15 nilichapa kwa pesa ya ada ya mtoto. Toleo la 16 halikuwepo. Wala hakuna aliyenitishia, hakuna polisi, hakuna kesi. Ule ukuta bado upo.

Kwa hivo kanuni yangu kwako, na hii uiandike kwenye daftari hata kabla ya jina la gazeti: asiwepo mtu mmoja anaelipa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya toleo. Akija mwenye kutaka ukurasa wa nyuma mwaka mzima muuzie robo ukurasa. Utaona uchungu, najua. Na hio yahusu kaunti vile vile, na wanasiasa zaidi, uchaguzi wa 2027 uko njiani na utapigiwa simu na watu wenye sauti tamu. Tangazo la serikali hata bila ya siasa lina ugonjwa wake, magazeti makubwa ya Nairobi yamelia miaka kwa madeni ya matangazo ya serikali yasiyolipwa, na hao wana mawakili, wewe utamdai nani?

Jengine ni msimu. Wewe ni mtoto wa hapa sihitaji kukuchorea. Wataliano wakijaa Disemba mpaka Machi mji wapumua, Agosti wanarudi tena, lakini Aprili Mei Juni, masika, mahoteli yamefungwa milango, wafanyakazi wako nyumbani bila mshahara, na wenye maduka wanauza kwa daftari la mkopo. Gazeti la kila wiki haliangalii masika, Alhamisi yaja tu. Chicago baridi ikipiga watu wanatafuta vyumba vile vile. Hapa Mei utakuwa na kurasa nane na matangazo mawili, moja la rafiki yako. 2020 korona iliwafundisha hata wao, The Stranger ya Seattle, gazeti jengine la bure, iliacha kuchapa Machi ile kwa sababu matangazo yake yalitegemea shoo na mikahawa na vyote vilifungwa kwa siku chache. Malindi ina korona ndogo kila mwaka, miezi mitatu.

Ndo maana nakwambia kila wiki, hapana. Nakala 3000, hapana. Piga hesabu, 3000 kila wiki ni nakala 156,000 kwa mwaka, hata ukipata mpiga chapa wa shilingi 20 nakala, na sisemi ndo bei natoa mfano tu, ni milioni 3 na laki moja na elfu 20, na bado hujala. Anza na nakala 500, karatasi moja ya A3 iliyokunjwa, kurasa nne, kwa mashine ya riso, ile shule zinachapia mitihani. Rangi moja. Usione haya, herufi nzuri na nafasi nyeupe za kutosha vyashinda rangi mbaya. Kila wiki mbili msimu ukiwa mzuri, na masika mara moja kwa mwezi, na useme wazi kwenye ukurasa wa kwanza ili msomaji asidhani umekufa. Wenye biashara 40, kila mmoja shilingi 500 kwa toleo, ni 20,000, na mmoja akikasirika akaondoka hata hutalala njaa. Arobaini hao uwapate KABLA ya kuchapa toleo la kwanza, kwa miguu yako, si kwa fomu ya mtandaoni.

Kugawa. Chicago magari yalikuwa yakishusha magazeti kwenye mikahawa, baa, maduka ya vitabu, na kazi ya maana kuliko zote ni kuhesabu magazeti yaliyobaki, mahali gani yalibaki 30 mahali gani yaliisha saa mbili. Hapa kuna balaa wao hawana. Ukiacha nakala 50 dukani sokoni saa moja asubuhi, saa tatu ziko sita, utafurahi, utapiga picha uweke status. Kumbe mama wa mahamri kachukua 40 za kufungia. Mimi nilishanunua karanga zimefungwa kwenye tahariri yangu mwenyewe, tena sehemu niliyoipenda. Wenzetu huandika kwenye jalada nakala moja kwa msomaji mmoja, wewe andika pia lakini usitegemee, afadhali uwape watu wa kuyashika mkononi mwao, kinyozi anaekuwekea juu ya benchi, kondakta wa matatu za Mombasa, manake mle mtu ana zaidi ya saa mbili na bando limekwisha Kilifi, foleni ya zahanati, na baraza za wazee ambako nakala moja husomwa na watu kumi na kubishaniwa na ishirini.

Na si mama wa mahamri tu anaechukua kwa wingi. Mwaka 2002 kule Berkeley, California, mgombea umeya alikiri kutupa nakala kama elfu moja za gazeti la bure la wanafunzi lililokuwa limemuunga mkono mpinzani wake. Alishinda uchaguzi, akatozwa faini ya dola 100, na 2006 jimbo likatunga sheria kuwa kuzoa gazeti la bure kwa wingi ili wengine wasisome ni kosa. Watu walikuwa wakiuliza utaibaje kitu cha bure, swali la kuchekesha mpaka ni gazeti lako. Kwetu sheria kama hio mie sijaiona, kwa hivo toleo lenye maneno ya kumkera mtu ligawe kwa mkono na alfajiri.

Sheria yenyewe usiipuuze. Kuna Sheria ya Vitabu na Magazeti, ile ya zamani, inataka uandikishwe kwa msajili aliye chini ya Mwanasheria Mkuu na uweke bondi. Bondi ilikuwa elfu kumi, 2002 wakaipandisha mpaka milioni moja, na ukiuliza waandishi wazee watakwambia ilikuwa na shabaha gani, yale magazeti madogo ya barabarani Nairobi yaliyokuwa yakiwakera wakubwa. Usishtuke ukadhani ni milioni ya kuhesabu mezani, ni ahadi yenye wadhamini, lakini wadhamini watatoka wapi ndo swali. Nenda ukaulize kabla, na uende na mpiga chapa wako manake nae jina na anwani yake lazima yawe kwenye karatasi. Kuhusu kushtakiwa, Mahakama Kuu 2017 iliondoa kosa la jinai la kukashifu, kwa hivo jela kwa hilo hapana, lakini madai ya fidia yapo palepale na mtu akikudai milioni tano hataangalia kama gazeti lako ni bure. Habari ya mtu isomwe na jicho la pili, na ya tatu, na mpigie umuulize kabla, kila mara, hata akikutukana.

Nimeacha la mwisho utaweka nini ndani, na hapa ndo natamani ningekuwa na umri wako. Kumbuka yule wa Chicago anaetafuta chumba. Kitu gani mtu wa Malindi anakihitaji karatasini kiasi cha kulibandika ukutani wiki mbili? Mie naona jedwali la maji, kujaa na kupwa, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Mvuvi anajua kwa kichwa, sawa, lakini vijana wa ufuoni, wenye boti za wageni, mama wanaookota, walimu wanaopeleka watoto kuogelea, wote wanauliza. Kisha stima itakatwa wapi siku gani, taarifa hizo hutolewa lakini nani anazifuata. Mechi za ndondo, ule mpira wa mitaani. Arusi na hitma. Bei ya samaki pale bandarini, changu leo bei gani. Na orodha ya kesi za Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Malindi, manake hapa mjini nyumba mbili kwa tatu utamkuta mtu ana kesi ya shamba au ana binamu mwenye kesi, na orodha za kesi ni za wazi mtu yeyote anaweza kuzipata, ila zimekaa mahali ambapo mzee wa Ganda au wa Mambrui hafiki. Ziweke kwa herufi kubwa. Hio peke yake itakufanya usomwe na watu ambao hujawahi kuwafikiria.

Makala yako ndefu iwe moja tu kila toleo. Moja. Uikae nayo mwezi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari, na 2019 baraza la kusikiliza kesi za mazingira likafuta leseni ya mradi wa makaa ya mawe kule kule Lamu, sasa niambie watu wangapi hapa Malindi wanajua kwa Kiswahili, kwa urefu, ilikuwaje na pesa ziliishia wapi. Standard yenyewe, lile gazeti kubwa la Nairobi, ilianza kama gazeti la kila wiki Mombasa 1902, ya mfanyabiashara Jeevanjee, kisha 1910 ikahamia Nairobi na tangu hapo habari za Pwani hupewa kona. Kwa hivo kazi ipo, usiogope kukosa kazi.

Ukurasa wa Kitaliano? Nusu tu, wa mikahawa, watalipa. Lakini usimruhusu Mtaliano akawa kwako kama yule meneja wa hoteli alivyokuwa kwangu.

Nenda wiki hii na daftari, anzia Maweni kwa wanaokujua, maliza Majengo. Usiwaambie habari ya Chicago hata kidogo, waambie jedwali la maji na kesi za ardhi na jina la duka lao chini yake. Ukifika arobaini nitafute, nipo barazani baada ya alasiri siku zote isipokuwa Ijumaa, nitakupangia kurasa za toleo la kwanza bila malipo. La pili utanilipa.